Msimu Ambao Wabanguaji wa Chuno Tuliota Majipu

Nyie wasichana wa mashine mmezoea kunitazama vidole kwa pembeni mkidhani sioni. Tazameni tu. Huo weusi si uchafu, na kucha hizi sikuzaliwa nazo zimepinda. Ni mafuta ya maganda ya korosho. Yakishaingia kwenye ngozi hayatoki kwa sabuni, yanatoka na ngozi yenyewe. Nimebangua korosho hapa Chuno, Mtwara, tangu mwanangu Shaibu akiwa mgongoni, na sasa Shaibu ana ndevu na wake wawili wanaomsumbua. Kwa hiyo mkiniona nimekaa kwenye benchi na kikombe cha chai nawatazama, msinung'unike. Mikono imestaafu, mdomo bado uko kazini.

Nyie mnakaa vizuri. Korosho zinapikwa kwa mvuke, mkono unavuta, mguu unakanyaga, ganda linapasuka katikati. Sisi tulikaanga kwenye pipa lililokatwa, juu ya kuni, na moshi wake jirani akiusikia anafunga madirisha. Kisha unakaa chini na jiwe mbele yako na kipande cha nondo mkononi, unagonga moja moja. Aliyenifundisha ni Bi Esha, mama mnene wa Ufukoni mwenye sauti ya kiume. Alinishika mkono siku ya kwanza akaniambia, "Korosho ina mshono kama nguo. Ukiigonga tumboni unapata makombo. Igonge kwenye mshono, halafu usikilize. Ikilia kavu imefunguka, ikilia bubu umeiua." Nikaua nyingi sana. Makombo ya siku ile tulikula sote, na Bi Esha akaniuliza kama nilikuja kubangua au kuandaa karamu.

Kosa kubwa zaidi nililifanya jioni yake. Nilijikuna mdomo wa juu kabla ya kunawa. Kulipokucha, uso ulikuwa umeumuka kama andazi, macho yamebaki mistari. Mume wangu alikuwa safarini Newala, akarudi asubuhi ile, akanikuta nimekaa ukumbini nimejitanda kanga. Akaniamkia, "Shikamoo mama." Alidhani mama yangu amekuja kutoka kijijini. Nilimwitikia marahaba, maana kucheka nilikuwa siwezi, midomo haikufunguka. Tangu hapo kila mbanguaji mpya namwambia jambo hilo kabla ya salamu: usijiguse usoni, usijiguse machoni, na ukienda msalani nawa kabla ya kwenda, si baada tu.

Kinga yetu dhidi ya mafuta ya ganda ilikuwa mafuta ya kula. Unachovya vidole, unapaka viganja, ndipo unagonga. Yakikauka unachovya tena. Na hapa ndipo lilipokuwa bakuli la Bi Esha. Bakuli kubwa la bati lenye maua mekundu pembeni, alilopewa harusini mwake, akalileta bandani siku kikundi chetu cha Tusichoke kilipoanza. Lilikaa katikati, sisi tumelizunguka kama watu wa sahani moja. Mgeni akitaka kujiunga hakuulizwa yeye Mmakonde au Mmakua au Myao, wala kwao anasali wapi. Bi Esha alilisogeza bakuli tu akasema, "Chovya." Ukishachovya wewe ni wa Tusichoke. Wapo waliogombana njiani wakaja hawasemeshani, lakini vidole vyao vikikutana ndani ya yale mafuta, mmoja lazima acheke.

Sasa msimu ninaotaka kuwasimulia si wa zamani sana, wengine wenu mlikuwa shule ya msingi. Alianza Zuhura. Huyu alikuwa binti wa Msimbati aliyeolewa huku mjini, mume akamwacha na mtoto wa kike, Saada, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kusema. Zuhura alikuwa na mkono mwepesi kutushinda wote. Sisi tukiwa tumejaza nusu ungo, wake umefurika na bado anaimba. Asubuhi moja akaja ameinua bega kama anayebeba kitu kwapani.

"Buibui kaning'ata usiku," akasema.

"Umemwona?" nikamuuliza.

"Sijamwona, ila nimeona alichofanya."

Akatuonyesha. Uvimbe mwekundu, mgumu, katikati una kijicho cheupe. Bi Esha akasema hilo ni jipu, lisikilizwe kwanza, lisiguswe. Zuhura hakulisikiliza. Alilikamua na pini ya ushungi, kisha akaenda duka la dawa akanunua rangi mbili, vile vidonge vyenye ganda la rangi mbili na unga ndani. Viwili tu. Kimoja akameza, cha pili akakifungua akamwagia unga wake juu ya kidonda. Msimcheke. Ndivyo tulivyofanya sote. Mtoto akiharisha, rangi mbili. Jino likiuma, rangi mbili. Ukijikata na ganda, unamwaga unga wa rangi mbili. Mwenye duka alikuwa kijana mpole, ukimwambia nipe viwili anakupa viwili, na ukimwambia nipe kimoja anakupa na maji ya kumezea.

Jipu la Zuhura likatulia kidogo, likarudi na mwenzake. Kisha mama mmoja akaota mkononi. Mwingine shingoni. Bi Esha akapata dogo juu ya kiwiko, akalifunga kitambaa akaendelea na kazi. Na mimi likanijia mahali ambapo mbanguaji anapahitaji kuliko popote, maana kazi hii ni ya kukaa. Nilikalia upande mmoja siku nyingi, nikisingizia kiuno.

Mtaani hawakunyamaza. Wakasema Tusichoke wametupiwa kitu na kikundi cha jirani kinachowaonea wivu. Wengine wakasema ni moshi wa pipa. Mwenye hoteli mmoja aliyekuwa akichukua korosho zetu akatuma mtu kusema wageni wake wamesikia habari, tusubiri kwanza. Hapo tulinyong'onyea. Korosho zile ndizo zilikuwa ada, ndizo zilikuwa unga, ndizo zilikuwa kodi ya banda.

Zuhura akazidiwa. Akasema anakwenda Msimbati kwa mama yake apumzike kidogo, akamwacha Saada kwa Bi Esha, kwa sababu mtoto alishazoea kulala pale Ufukoni. Tukadhani atarudi Jumatatu. Badala yake akapiga simu mama yake, analia, haeleweki. Bi Esha akaikata simu akaniambia, "Vaa viatu."

Tulikodi bajaji. Anayeijua njia ya Msimbati anajua kwamba barabara inakuwa barabara mpaka inapoamua kuwa mchanga. Bajaji ikazama. Dereva akashuka, mimi nikashuka, Bi Esha akashuka mwisho, na aliposhuka tu ikanyanyuka yenyewe. Dereva akataka kucheka, akamwangalia Bi Esha, akaghairi. Bi Esha ndiye aliyecheka. "Cheka baba," akamwambia, "nami nimeiona." Tukaisukuma tukiwa tunacheka, na mioyo ina hofu.

Tulimkuta Zuhura kwenye mkeka, mkono ameunyoosha juu ya kichwa kwa sababu haushuki. Kwapa lote limevimba hadi kifuani. Mwili unachoma. Macho yake yalitutazama yakapita. Alikuwa akisema peke yake, "Hizi nzima weka huku, hizi vipande weka huku." Mama yake alikuwa amemkanda maji ya bahari ya moto na kumbandika majani, mama wa watu amefanya yote anayoyajua.

"Hospitali tumpeleke," Bi Esha akasema.

"Watamkata mkono," mama yake akajibu. "Nimesikia wanakata."

Bi Esha akakaa chini karibu naye, akazishika nyayo za Zuhura. "Mwenzangu, huu mkono nitaulinda mimi. Daktari akileta kisu kikubwa, ataanza na mimi, na unaniona nilivyo, atachoka kabla hajamfikia mwanao."

Yule mama akacheka huku analia, akaanza kumkunjia kanga zake. Mwalimu mmoja wa shule ya pale, mtu wa Mbeya, alikuwa na gari la wazi nyuma. Akaweka godoro lake mwenyewe, tukampandisha. Njia nzima Bi Esha aliushikilia ule mkono juu usiguse pembeni, na mimi niliwashikilia wote wawili huku nimekalia upande mmoja.

Hospitali kubwa walimpokea haraka. Daktari akalipasua lile jipu siku ileile, na usaha wakauchukua kidogo kwa kijiti cha pamba wakaupeleka maabara kuuotesha. Mimi sikuwahi kujua kama usaha unaoteshwa kama mchicha. Aliyetueleza ni Nesi Perpetua, mama wa Songea, mwembamba, mwenye kutazama mtu juu ya miwani. Alisema wanataka kuwajua hao vijidudu ni akina nani na dawa ipi wanaiogopa. Dawa ya kwanza wakamchoma. Homa ikashuka kidogo, ikapanda tena. Bi Esha hakuondoka kwenye korido ila kwenda kumwangalia Saada.

Majibu yalipotoka, Nesi alituita pembeni.

"Hawa wanaitwa stafilokokasi," akasema. "Wanakaa kwenye ngozi na puani, hata kwa watu wenye afya kabisa wasioumwa. Wakipata mlango, mkwaruzo au ngozi iliyoungua, wanaingia. Kikawaida dawa zinawamudu. Hawa wenu ni sugu. Dawa tuliyoanza nayo haiwagusi, na mliyokuwa mkinunua dukani ndiyo kabisa."

Bi Esha akauliza taratibu, "Basi hakuna dawa?"

"Zipo. Zimebaki chache, lakini zipo. Tumembadilishia asubuhi hii."

Kisha akatueleza walivyopata usugu. Mtu anameza vidonge viwili, wale dhaifu wanakufa, wakaidi wanabaki, wanazaana, na kizazi chao hakiijali tena dawa ile. Bi Esha akasikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo," akasema, "tumekuwa tukiwasomesha sisi wenyewe."

"Ndiyo mama. Na wamefaulu."

Hapo Nesi akauliza nani mwingine kwenye kikundi ana jipu. Mimi nikatazama dari. Bi Esha akaninyooshea kidole. "Huyu hapa. Amelikalia."

Nilipelekwa chumba cha vidonda. Daktari alikuwa kijana wa umri wa Shaibu, nikashika kanga yangu kwa mikono miwili. Nesi Perpetua akaniinamia sikioni. "Mama Shaibu, chumba hiki kimeona makalio mengi. Lako si la kwanza, wala halitakuwa zuri kuliko yote." Nilicheka mpaka kanga ikaachia yenyewe. Walinipasua, wakanisafisha, wakafunga, nikaambiwa lisikamuliwe, lifunikwe, na kidonda kikiloa nibadilishe kitambaa. Vidonge hata sikupewa. Nesi alisema jipu dogo likishafunguliwa na kusafishwa mara nyingi linapona bila dawa, na dawa tuwaachie wanaozihitaji kama Zuhura. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilitoka hospitali bila vidonge na sikuona nimepunjwa.

Homa ya Zuhura ilivunjika. Alipofungua macho vizuri, neno la kwanza alimwuliza Bi Esha kama ungo wake kuna mtu anautumia.

Nesi Perpetua alikuja bandani siku yake ya mapumziko. Tulitegemea hotuba. Akavua viatu, akakaa kwenye mkeka, akaomba jiwe na nondo. Akachovya kwenye bakuli kama sisi, akagonga. Vipande. Akagonga tena. Vipande. Ya tatu ikaruka ikampiga mama mmoja kwenye ushungi. Tulicheka hadi tukaacha kazi, naye anacheka, lakini macho yake yalikuwa yanatembea. Aliitazama mikono yetu iliyochubuka kwa mafuta ya ganda. Alikitazama kipande cha kanga kilichoning'inia kwenye msumari, ambacho sote tulikuwa tukifutia mikono na jasho, kikifuliwa siku mtu akikumbuka. Kisha akalitazama bakuli.

"Mama zangu," akasema, "mikono yenu yote ina milango. Na mnaichovya kwenye chombo kimoja, mnaifuta kwenye kitambaa kimoja. Anayekamua jipu asubuhi anachovya hapa mchana. Ningeomba kila mtu awe na kikopo chake cha mafuta na kitambaa chake."

Sote tukamtazama Bi Esha.

"Bakuli hili nimeolewa nalo," Bi Esha akasema. "Wengine hapa nimewalea kwalo. Leo unaniambia nimekuwa nikiwapaka ugonjwa?"

"Sijasema hivyo, mama. Siwezi kuapa ni bakuli. Inawezekana ni kitambaa, inawezekana ni mikono tu."

"Kama huwezi kuapa, liache."

"Siwezi kuapa, lakini siwezi kuliacha pia."

Bi Esha akasimama. Akayamwaga yale mafuta nje, akalifuta bakuli kwa upindo wa kanga yake, akaliweka kichwani. "Siku mtakapoanza kugawana na chumvi kwa vikopo, mtaniambia," akasema. Akaondoka kwenda kwake Ufukoni. Nesi Perpetua alibaki ameshika nondo, uso umemshuka. Nikamwambia atarudi. Nilisema tu, sikuwa na hakika.

Hakurudi siku zilizofuata. Tulifanya kazi bila yeye, kila mtu na kikopo cha nyanya alichookota, na banda likawa kama nyumba iliyofiwa. Hakuna aliyeimba. Nikaona haya hayawezekani. Nikachemsha ming'oko, viazi vya porini anavyovipenda kuliko wali, nikamfuata.

Nilimkuta uani anamsuka Saada. Bakuli lilikuwa pembeni yake, lina mafuta, anachovya anampaka mtoto kichwani. Hakuniambia karibu, lakini alisogea kwenye jamvi. Nikakaa. Tukamenya ming'oko. Kisha mtoto akainamisha kichwa, nami nikaona nyuma ya shingo, chini ya nywele, uvimbe mdogo mwekundu wenye kijicho.

Nilimtazama tu Bi Esha, naye akaniona.

"Umekiona," akasema.

"Nimekiona."

"Jana kilikuwa kama punje ya mtama. Nikasema ni joto." Mkono wake ulibaki juu ya kichwa cha mtoto, vidole vinang'aa mafuta. "Mama yake yuko kitandani, na mimi huku nampaka."

"Hujui kama ni bakuli."

"Yule nesi naye alisema hajui." Akaufunga msuko ule alipokuwa amefika, upande mmoja umesukwa, mwingine timutimu. "Twende."

Tulikwenda na mtoto hivyohivyo, nusu amesukwa. Nesi Perpetua alimpokea bila neno la "nilikwambia." Daktari akalifungua lile jipu, mtoto akalia, akapewa dawa ya maji ya kupimiwa kwa uzito wake, kwa sababu watoto hawasubiriwi. Bi Esha akauliza kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, ndogo, "Na kama ningengoja mpaka kesho kutwa?"

"Hukungoja, mama," Nesi akajibu. "Umemleta likiwa dogo. Atapona, na nywele zake utamalizia kusuka."

Asubuhi iliyofuata tulisikia sauti kabla hatujamwona. Bi Esha anakuja, kichwani ana beseni, ndani yake jagi jipya la plastiki na vikopo vya maziwa ya unga vilivyooshwa, kila kimoja amekifunga uzi wa rangi yake. Hakusalimia. Alianza kugawa. Wewe mwekundu, wewe kijani, wewe Mama Shaibu mweusi kama vidole vyako.

"Mafuta tutanunua pamoja kama zamani," akasema. "Nitawamiminia mimi, kila asubuhi, kila mtu. Atakayechovya kidole kwenye kikopo cha mwenzake nitamgonga na nondo, na mimi sikosei mshono."

Mama mmoja akamuuliza bakuli liko wapi.

"Nalinyweshea kuku. Wao hawabangui."

Ndiyo ikawa kazi yake. Akipita na jagi anauliza: umeamkaje, mkono vipi, kuna kipele, nionyeshe. Mwenye kidonda kinachotoa maji hagusi korosho iliyomenywa, anawekwa kwenye kuni au kushona magunia mpaka kikauke. Vitambaa kila mtu chake, vinachemshwa, vinaanikwa juani. Sabuni kwanza, ndipo chakula. Na Bi Esha alikwenda mwenyewe duka la dawa. Nilikuwepo. Alimwambia yule kijana, "Mwanangu, mtu wa Tusichoke akija kutaka rangi mbili viwili, mwambie Bi Esha kakataza. Mwambie aende akapimwe." Kijana akajibu, "Bibi, nikikataa watakwenda duka la jirani." Bi Esha akamwambia, "Huko ndiko ninakotoka." Wakacheka wote wawili. Baada ya hapo nilimsikia mara nyingi akiwaambia wateja, kwa upole wake uleule, nenda hospitali kwanza, hiki ninachokuuzia hakitakusaidia.

Majipu hayakukoma kama taa iliyozimwa. Aliota huyu, wiki nyingine akaota yule, lakini kila mmoja akiwa peke yake na likiwa dogo. Tukampa yule kijidudu jina la Bwana Stafu, kama mposaji king'ang'anizi. "Bwana Stafu kapita kwako?" "Kapiga hodi, sikumfungulia." Mpaka mabibo ya msimu yalipokwisha kuanguka, tulikuwa hatumsikii tena. Wateja nao walirudi. Nesi Perpetua alikuja na wenzake wa hospitali wakasimama mbele ya banda na sare zao, wakanunua na kula palepale watu wote wa barabarani wakiwaona. Yule mwenye hoteli alituma mtu wake kabla jua halijazama.

Haya ninawaambia kwa sababu mashine zenu ni nzuri, lakini nimeona juzi glavu moja inavaliwa na watu wawili, asubuhi huyu, jioni yule. Na nimeona mmoja wenu, simtaji, anajua mwenyewe, anakamua kidole chake kwa kucha. Bwana Stafu hajahama Mtwara. Anapita.

Nimebakiza la Zuhura. Alirudi bandani siku ya mvua nyepesi. Amekonda, mkono wa kulia bado mzito. Tulimpokea kwa maneno mengi matamu, tukamuuliza ya hospitali, ya Msimbati, ya mama yake. Kisha tukakaa kwenye mikeka yetu, na alipokaa yeye, nikaona kitu ambacho hakuna aliyekipanga. Pande zake zote zilibaki wazi. Mtu angeweza kulala pale akajigeuza.

Zuhura naye aliona. Akatabasamu. "Naona mmenipa nafasi ya mheshimiwa," akasema.

Hatukucheka. Kila mtu alitazama jiwe lake, na mimi pia.

Bi Esha aliweka jagi chini. "Kimekauka?" akamuuliza.

"Kimekauka, bibi."

"Nionyeshe."

Zuhura akainua mkono polepole mpaka ulipofikia. Kovu lilikuwa refu, limeng'aa, kavu. Bi Esha aliliangalia vizuri, bila haraka, sote tukiliangalia. Kisha akaukokota mkeka wake mwenyewe akautandika ubavuni kwa Zuhura, goti kwa goti, akakaa. Akammiminia mafuta kwenye kikopo kipya chenye uzi wa njano.

"Bangua," akasema. "Tumechelewa."

Zuhura akapaka viganja, akaweka korosho kwenye jiwe, akagonga. Ikavunjika vipande vipande. Mkono ule ambao haukuwahi kukosa ulikuwa umesahau. Alibaki ameutazama.

Kisha akasimama, akanawa kwa sabuni, akarudi akamenya vile vipande kimoja kimoja, akavinyoosha mbele kwenye kiganja. Mimi ndiye niliyekuwa karibu baada ya Bi Esha. Nikanawa, nikasogea, nikachukua kipande nikala. Mwenzangu wa kulia akanawa, akasogea. Mwingine naye. Mpaka kiganja kikabaki kitupu na sote tumebanana upande mmoja wa banda, upande wa pili hauna mtu.

"Ukiendelea kuvunja," Bi Esha akamwambia, "leo tutashiba lakini hatutauza."

Zuhura akafuta macho kwa bega, akapaka mafuta upya, akaweka ya pili. Akaigeuza mpaka mshono ukatazama juu. Ikalia kavu, ikafunguka nzima.